Wasomaji Wauliza: Kuchezesha Bingo Katika Vikundi vya Wazee

Tulipowaomba wasomaji watuletee maswali kuhusu shughuli za kuwachangamsha wazee, barua nyingi kuliko tulivyotarajia ziliulizia mchezo mmoja tu, nao ni bingo. Nimeuchezesha mchezo huo kwa miaka kadhaa, mbele ya wazee wenye nguvu zao na wengine wasiotoka kwenye viti vyao, na nimekosea mara nyingi vya kutosha kujua mashimo yako wapi. Barua zimefupishwa, na majina ya walioziandika yameachwa kwa makusudi.

Swali: Ndugu Mshauri, nimekabidhiwa kikundi cha wazee wapatao 20 ambao hukutana mara moja kwa wiki. Wameomba bingo, lakini mimi mwenyewe sijawahi kuicheza. Nianzie wapi, na kipindi kimoja kichukue muda gani? – Mlezi mpya

Jibu: Bingo huchezwa hivi: mwita namba hutoa mfukoni namba moja moja bila kutazama na kuitangaza, kila mchezaji mwenye namba hiyo kwenye kadi yake huifunika kwa kete, na wa kwanza kukamilisha mstari, au kadi nzima, hutamka "bingo" na kushinda. Anza kwa kuchagua aina ya mchezo, kwa maana zipo mbili zinazojulikana zaidi, na mtu akizichanganya atajikuta ana kadi zisizolingana na namba zilizomo mfukoni. Aina ya kwanza, iliyoenea Marekani, ina namba 75. Kadi yake ni mraba wenye safu 5 za kwenda chini na mistari 5 ya kwenda kando, na juu ya kila safu kumeandikwa herufi moja ya neno BINGO: chini ya B zimo namba za kati ya 1 na 15, chini ya I ni 16 hadi 30, chini ya N ni 31 hadi 45, chini ya G ni 46 hadi 60, na chini ya O ni 61 hadi 75. Kisanduku cha katikati hakina namba na huhesabiwa kuwa kimekwisha kufunikwa, kwa hiyo kadi nzima ina namba 24. Aina ya pili, inayopendwa Uingereza, ina namba 90, na kadi yake ina mistari 3 na safu 9, yenye namba 15 na visanduku vitupu 12.

Kwa kikundi kinachoanza nakushauri uchukue ile ya 75, kwa sababu ile herufi ya juu humwambia mchezaji pa kutazama. Anaposikia G, macho yake hushuka kwenye safu moja yenye namba 5 badala ya kuhangaika kadi nzima, na kwa mtu ambaye macho na usikivu vimepungua kwa pamoja, msaada huo ni mkubwa kuliko unavyoonekana kwenye karatasi.

Kuhusu muda, hesabu yenyewe ndiyo inayokuongoza. Wachezaji wakiwa 20, kila mmoja na kadi yake moja, mstari mmoja, uwe wa kando, wa kwenda chini au wa mshazari, hukamilika mara nyingi baada ya kuitwa namba 20 hadi 25 hivi. Kujaza kadi nzima ni safari nyingine kabisa: kwa kadi hizo hizo 20, mshindi kwa kawaida hapatikani mpaka zimeitwa namba zaidi ya 60, yaani mfuko umebaki na namba chache za kuhesabika. Ukiita namba 3 kwa dakika, mwendo ambao wazee wengi huumudu, mchezo wa mstari utachukua dakika 7 au 8, na wa kadi nzima dakika 20 na ushee. Kwa hiyo michezo mitatu ya mstari, mapumziko ya dakika 10 ya kunywa maji na kwenda msalani, kisha mchezo mmoja wa kadi nzima, tayari ni saa moja, na saa moja inatosha. Kosa la walezi wengi wapya ni kuanza na kadi nzima, ili wazee waonje utamu wote siku ya kwanza. Matokeo yake watu hukaa nusu saa bila kusikia mtu yeyote ameshinda, na wiki inayofuata viti vinakuwa vitupu. Wakishauzoea mstari, waongezee pembe nne za kadi, ambazo hueleweka kwa kuonyeshwa mara moja tu.

Vifaa si lazima vinunuliwe. Mfuko wa kitambaa kisichoonyesha ndani, vipande 75 vya karatasi ngumu vilivyokatwa sawasawa, na ubao wa kupangia namba zilizokwisha kuitwa vinakutosha kwa miaka. Zingatia mambo mawili tu. Zipigie mstari kwa chini 6 na 9, na vilevile 19, 61 na nyingine zote zinazosomeka kuwa namba nyingine zikipinduliwa. Kisha, kabla ya kila kipindi, hesabu vipande vyako, kwa sababu kimoja kikipotelea chini ya kabati, kila mwenye namba hiyo atakuwa anaifukuzia kadi nzima ambayo hawezi kuijaza kamwe, wala hatajua.

Swali: Wazee wangu wamegawanyika. Nusu wanasema naita namba mbio mbio, nusu wanasema nawachosha kwa kusubiri. Nimejaribu kupaza sauti zaidi, lakini malalamiko hayaishi. – Mwita namba aliyechoka

Jibu: Kupaza sauti ndiko kunakokuponza. Usikivu unaopungua kwa uzee huanza kupotea kwenye sauti nyembamba, na konsonanti kama s, sh, f na t ndizo zinazofifia mapema, ilhali irabu huendelea kusikika. Ndiyo maana mzee hukwambia kwamba anakusikia ila hakuelewi, nawe ukadhani anakusumbua. Unapopiga kelele, irabu ndizo zinazonenepa na konsonanti hubaki zimefichika pale pale. Na aliyevaa kifaa cha kusaidia kusikia huipokea kelele yako pamoja na mngurumo wa feni na mikwaruzo ya viti, vyote vikiwa vimekuzwa.

Nilijifunza jambo hili kwa aibu. Siku moja niliita "O, sitini na mbili", nikaendelea na namba nyingine. Bibi mmoja aliyekaa meza ya nyuma akafunika 72, na baada ya namba mbili tatu akainua mkono, akatamka "bingo" kwa sauti iliyotulia, kama mtu aliyekuwa na uhakika tangu asubuhi. Nikaenda mezani kwake, nikaisoma kadi yake mbele ya watu wote, nikatangaza kwamba 72 haijaitwa. Aliziokota kete zake moja moja, akazirudisha kwenye kikombe, akakunja miwani yake na kuitia mkobani, na kwa wiki mbili hakuonekana tena. Nilikuwa nimemkosea mara mbili, kwanza kwa kuitamka namba ovyo, pili kwa kumsahihisha hadharani.

Sitini na sabini zina idadi moja ya silabi, huanza kwa s na kuishia kwa namna moja, na kwa bahati mbaya kuanzia 61 hadi 75 zote ziko chini ya O, kwa hiyo hapo herufi haisaidii kitu. Kumi na sita na kumi na saba nazo zimekaa pamoja chini ya I. Wanaocheza mchezo wa namba 90 wana mzigo zaidi, kwa sababu wao wana thelathini na themanini, na mwisho kabisa sitini na tisini, ambazo hata sisi wenye masikio mazima huzigonganisha kwenye simu. Tangu siku ile naita kwa hatua: herufi kwanza, kisha namba nzima, kisha tarakimu zake moja moja. "O. Sitini na mbili. Sita, mbili." Nanyamaza. Nainua kipande chenye namba hiyo, au kibao nilichoiandika kwa kalamu nene, nakipitisha polepole kushoto na kulia, halafu narudia mara moja kwa maneno yale yale, kwa maana ukibadilisha maneno katika kurudia, wapo watakaodhani umeita namba nyingine.

Simama mahali ambapo mwanga unakuangukia usoni. Ukisimama mbele ya dirisha uso wako unageuka kivuli, na wengi wa wazee wako husoma midomo bila wao wenyewe kujua kwamba wanaisoma. Zima redio. Kama una kipaza sauti, kitumie hata kama chumba ni kidogo, lakini usikishikilie kikaufunika mdomo.

Ama kuhusu mwendo, usiuongoze kwa saa ya ukutani. Zile namba 3 kwa dakika ni za kukusaidia kupanga kipindi tu. Chagua moyoni mwako wachezaji wawili walio taratibu zaidi, bila kuwaambia wala kuwakodolea macho, na utazame mikono yao: mkono ukisharudi mezani, ita namba inayofuata. Wale wenye haraka watulize kwa kuwapa kadi ya pili. Wenzao watasema kwamba mwenye kadi mbili ana nafasi kubwa zaidi ya kushinda, nao watakuwa wamesema kweli, kwa hiyo kadi ya pili iwe wazi kwa yeyote anayeitaka. Utashangaa kuona ni wangapi wanaoirudisha baada ya mchezo mmoja.

Swali: Mimi ni mzee wa miaka 81. Napenda bingo ya kikundi chetu, lakini macho yangu yamepungua na vidole vinatetemeka. Kete zikianguka mara mbili tatu huwa naondoka, nikisingizia kwamba kichwa kinaniuma. Je, hakuna njia ya kucheza bila kuwa mzigo kwa wenzangu? – Babu wa wajukuu tisa

Jibu: Shikamoo, mzee wangu. Njia ipo, na nakuomba umwonyeshe mlezi wenu ukurasa huu ili asikulazimishe kujieleza.

Kadi unayopewa bila shaka ni ile ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya vijana. Mlezi akuchapishie kadi moja kwenye karatasi nzima, namba ziwe nene na nyeusi juu ya nyeupe au rangi ya maziwa, na karatasi isiwe ya kung'aa, kwa sababu mng'ao wa taa juu ya karatasi laini huzifuta namba machoni pa mtu mwenye mtoto wa jicho. Rangi za mapambo ziachwe. Lenzi ya jicho huingia umanjano kadiri miaka inavyokwenda, na hapo bluu na kijani hukaribiana mno; niliwahi kuona kadi nzuri sana zenye namba za bluu juu ya kijani, na hakuna hata mzee mmoja aliyezisoma bila kuinamia meza.

Kuhusu kete, usikubali vile visarafu vyembamba vinavyopeperuka kwa pumzi. Vifuniko vya chupa vinafaa, kwani vina ukingo wa kushika, vina uzito kidogo, na hupatikana katika rangi moja inayotofautiana na kadi. Kadi ikiteleza, itandikiwe kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri au kipande cha mpira. Wapo pia wanaotumia kadi zenye vidirisha, ambapo mchezaji husukuma kifuniko kidogo juu ya namba na hakuna kitu cha kudondoka. Mwenye mkono unaotetemeka sana hunufaika nazo kuliko mtu mwingine yeyote, mradi vidirisha vyenyewe visiwe vigumu. Kalamu nene ya wino yenye kichwa cha sifongo nayo hufaa, kwa kuwa inahitaji kugusa tu.

Uliza pia kama unaweza kukaa mahali ambapo taa iko juu au ubavuni mwako badala ya kuwa mbele ya macho, kwenye kiti chenye mikono, ili viwiko vyote viwili vipate pa kuegemea. Mkono ulioegemea hutetemeka kidogo kuliko unaoning'inia hewani.

Nawe mlezi unayesoma haya: ukimweka msaidizi karibu na mzee, mpe amri moja, kwamba aelekeze kidole kwenye safu na akomee hapo. Asiweke kete mpaka aombwe. Nimeona wasaidizi wenye moyo mzuri wakicheza kadi yote wenyewe huku mwenye kadi amekunja mikono akitazama dari.

Swali: Katika kituo ninachofanyia kazi, karibu theluthi moja ya wazee wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kuna anayesahau alichoambiwa kabla sijamaliza kuita. Wenzangu wanasema tuwaache nje ya mchezo ili wasiharibu. Wewe unasemaje? – Mhudumu wa wazee

Jibu: Nasema waingie, ila mchezo ubadilishwe ili uwalingane.

Ugumu wa bingo kwa mtu wa namba hii hauko mahali pamoja. Anatakiwa asikie, ashikilie alichosikia, atafute katikati ya namba 24 zinazofanana, kisha akumbuke alikuwa anatafuta nini. Punguza kila hatua kadiri unavyoweza. Acha namba ikiwa imeinuliwa mbele muda wote wa kutafuta, ili asilazimike kuishikilia kichwani. Tumia kadi yenye visanduku 9 badala ya 25, na namba za kuita ziishie 30. Watafiti wa Marekani waliochapisha matokeo yao mwaka 2012 waliwachezesha bingo wazee wasio na maradhi, wenye Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka) na wenye Alzheimer (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu), wakaona kwamba kadi kubwa zaidi na zisizo na msongamano ziliwasaidia wachezaji kuzipata namba. Mtu aliyewahi kukaa meza moja na wazee hawa hatashangaa, lakini ni vyema kuwa na jambo la kumwonyesha mwenzako anayedhani kwamba kadi kubwa ni anasa.

Namba zikiwa ngumu, badilisha kabisa: weka picha, au maneno ya methali ambazo wewe unaita nusu ya kwanza na wao wanaitafuta nusu ya pili kwenye kadi. Ukiita "Haraka haraka", mtu ambaye hakumbuki amekula nini asubuhi anaweza kukujibu "haina baraka" kabla hujavuta pumzi, kwa sababu yaliyokaririwa utotoni mara nyingi hukawia kupotea. Hapa ndipo nilipopata vicheko vingi kuliko mahali pengine popote. Chunga tu picha zisiwe za vitabu vya chekechea. Jembe, taa ya chemli, cherehani, redio ya mbao, hivyo ni vitu vya watu wazima na kila kimoja kina hadithi yake, na hadithi ikianza, iache imalizike. Namba zinaweza kungoja.

Jihadhari na kete ndogo. Mtu aliyepotewa na kumbukumbu anaweza kuitia kinywani akidhani ni peremende, kwa hiyo tumia vitu vikubwa visivyomezeka, au kadi za vidirisha. Akifunika namba isiyoitwa, usimwambie kwamba amekosea. Mwulize "Hebu tuitazame pamoja", mwonyeshe ile iliyoinuliwa, na mara nyingi ataisogeza kete mwenyewe. Asipoisogeza, hakuna kilichoharibika. Wagonjwa hawa wacheze katika vikundi vya watu 4 hadi 6, kwa dakika 20 au 30, wakati wa siku ambao wana utulivu, na kwa wengi wao huo ni asubuhi.

Katika kundi la mchanganyiko kama lako, keti nao meza moja iliyo karibu na mwita namba, na umkaribishe mzee mwenye subira kucheza kwa ubia na mmoja wao, watu wawili na kadi moja. Usimteue kwa amri. Wapo wanaopenda kazi hiyo na wapo wanaoiogopa, kwa kuwa wanaona humo kesho yao.

Swali: Baadhi ya wazee wetu wamekataa kushiriki wakisema bingo ni kamari, na dini yao hairuhusu. Wengine wanataka kila mmoja atoe kiingilio kidogo ili mshindi apate fedha. Nipite wapi? – Katibu wa kikundi

Jibu: Kamari ina viungo vitatu: mtu anatoa kitu chake, bahati inaamua, na mshindi anachukua kilichotolewa. Bahati huwezi kuiondoa kwenye bingo, lakini kiingilio unaweza, na ninakushauri ukiondoe kabisa. Nchi nyingi zina sheria za michezo ya bahati nasibu zinazohusu hata michezo ya hisani yenye viingilio vidogo, na kikundi kinachokusanya fedha bila kujua sheria hizo kinaweza kujiingiza matatani kwa jambo ambalo hakikulihitaji. Zaidi ya hayo, mzee anayeishi kwa kuhesabu hatakwambia kwamba hana kiingilio. Atakwambia kwamba ana mgeni nyumbani.

Zawadi zitoke kwenye mfuko wa kikundi au kwa wafadhili, ziwe ndogo na za kutumika: sabuni, leso, betri za tochi, kitana. Peremende na biskuti ziache, kwa sababu katika watu 20 wa umri huo hawakosekani wenye kisukari, na kumpa mtu zawadi asiyoruhusiwa kuila ni ukatili mdogo usiokusudiwa. Kuna vikundi ambavyo mshindi hupewa haki ya kuchagua wimbo utakaoimbwa na wote, na sijaona zawadi inayogombewa kuliko hiyo.

Hata baada ya kuondoa kiingilio, atakayebaki na wasiwasi wa dini asibishiwe. Mwandalie mchezo mwingine mezani, au mwachie nafasi ya kukaa na kuzungumza. Hukumu ya jambo la imani ni yake na viongozi wake wa dini, nawe kazi yako ni kuhakikisha kwamba hatengwi.

Swali: Tuna bibi mmoja ambaye hushinda kila mara, na sasa kuna minong'ono. Pia wiki iliyopita watu wawili walitamka bingo kwa pamoja na zawadi ilikuwa moja. Nusura wasisalimiane. – Mlezi aliye katikati

Jibu: Kwanza tumwondolee bibi huyo tuhuma. Mkiwa 20, kila mmoja na kadi moja, na mkicheza michezo mitano yenye mshindi mmoja mmoja, uwezekano kwamba mtu fulani kati yenu atashinda angalau mara mbili siku hiyo hiyo ni kama asilimia 42. Yaani karibu kila baada ya vipindi viwili au vitatu atatokea "mwenye bahati", na watu humkumbuka aliyeshinda mara mbili wakasahau kwamba wiki nyingine alikwenda nyumbani mikono mitupu. Lakini angalia pia kadi zenu. Kama huwa anachukua kadi mbili na wenzake moja, au kama ana kadi yake anayoitunza mkobani, basi changanya kadi zote kwenye boksi na kila mtu aokote bila kutazama. Na kama kadi zenu zilitengenezwa kwa kunakiliwa, hakikisheni hazifanani, kwa maana kadi mbili zilizo sawa zitashinda pamoja kila mara na ugomvi wenu hautakwisha.

Kanuni ziandikwe kwa herufi kubwa ukutani kabla ya mchezo, ziwe chache. Bingo itamkwe kabla ya namba inayofuata kutolewa mfukoni. Anayechelewa hupoteza, isipokuwa mwita namba ameona mkono ulioinuliwa, kwa sababu wapo ambao sauti zao hazitoki haraka. Binafsi nawapa wote kengele ndogo au kibao cha kuinua. Wakitamka wawili, wote ni washindi, na kwa ajili hiyo uwe daima na zawadi mbili za ziada chini ya meza. Kadi ikaguliwe pale pale mezani, kwa sauti ya chini, huku mchezo umesimama na hakuna kete iliyoondolewa kwenye kadi ya mtu yeyote. Kama ni kosa, mwita namba aseme tu "Tunaendelea", na asitaje namba wala jina.

Swali: Je, ni kweli kwamba bingo huzuia ugonjwa wa kusahau? – Msomaji

Jibu: Usimwahidi mtu yeyote hivyo. Mchezo huu hudai usikivu, utafutaji wa haraka kwa macho na kazi ya vidole, na humtoa mtu kwenye upweke wa chumba chake kwa saa nzima, na hayo yana thamani yake hata bila kuitwa dawa.

Swali: Nimeita namba kwa miaka mitatu mfululizo na sauti yangu imechakaa. Nikikosa siku moja, mchezo haufanyiki. Nifanyeje? – Mwita namba wa kudumu

Jibu: Miaka mitatu umewanyima kazi nzuri kuliko zote zilizomo chumbani. Katika kikundi chako hakosi kuwapo mwalimu mstaafu, karani wa zamani au mtu aliyewahi kuongoza kwaya, ambaye sauti yake bado inafika ukutani na ambaye hajaombwa kufanya jambo lolote tangu alipostaafu. Mwombe aite mchezo mmoja tu, mwishoni, baada ya kumwonyesha pembeni jinsi ya kutaja herufi, namba na tarakimu. Anayeshindwa kusimama aite akiwa ameketi. Asiyeona vizuri azungushe mfuko na kutoa kipande, na jirani yake akisome. Zipange zamu kwa mwezi mzima na uzibandike mlangoni, ili siku usipokuwapo wajue mfuko unakabidhiwa nani. Siku ya kwanza ya zamu hizo wewe chukua kadi, kaa meza ya nyuma kabisa, na usimsahihishe anayeita hata akiruka hatua. Kutoka hapo ulipoketi utasikia mwenyewe jinsi sitini na sabini zinavyofika.